MTOTO WA SULTANI ALIYEKIMBILIA DAR BAADA YA VITA FUPI KULIKO ZOTE DUNIANI

Wadau, ile vita ya Zanzibar ya 1896 iliyopigwa chini ya saa moja wengi tunaijua. Ila kijana aliyekuwa ndani ya lile jumba unamjua?

Ni Sayyid Khalid, mtoto wa Sultani Barghash, yule aliyejenga Beit al-Ajaib. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad, mtoto wa baba yake mkubwa, alifariki ghafla. Khalid akaingia ikulu na kujitangaza sultani. Waingereza wakampa mpaka saa 3 asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Akagoma. Mizinga ya meli ikalia, watu wake kama 500 wakafa au kujeruhiwa. Yeye akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, na Oktoba Wajerumani wakamleta Dar kwa meli.

Sasa cheki hii familia. Dar yenyewe aliianzisha baba yake mkubwa mwingine, Sultani Majid. Na Barghash naye mwaka 1859 alijaribu kumpindua huyohuyo Majid, kaka yake! Akashindwa, akapelekwa Bombay. Lakini alirudi, na Majid alipofariki 1870 akakalia kiti.

Mtoto hakupata bahati hiyo. Tangu 1890 Zanzibar ilikuwa chini ya Waingereza, sultani lazima wamkubali wao. Kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia wakamkamata, wakampeleka Ushelisheli na Saint Helena. Akafia Mombasa 1927.

Kosa la baba na mwana ni lilelile. Wewe unasemaje, Khalid alikuwa mkaidi au alidai haki yake?