Pamba, Utumwa na Vita vya Marekani

Waasisi wa dola ya Marekani walipokutana Philadelphia mwaka 1787 kuitunga katiba yao, waliona haya kuutaja utumwa kwa jina lake, lakini hawakuona haya kukubaliana kuwa kila watumwa watano wahesabiwe sawa na watu watatu katika kugawanya viti vya baraza, hata mabwana wa kusini wakajipatia nguvu serikalini kwa idadi ya watu wasiokuwa na kura wala kauli. Baadhi yao walitaraji kuwa jambo lile litafifia lenyewe, kwani tumbaku ilikuwa imekwisha ichosha ardhi ya Virginia na faida yake imepungua.

Tamaa hiyo ilikatika mwaka 1793, Eli Whitney alipounda mtambo wa kuchambulia pamba, nao ulikuwa gogo lenye meno ya waya, likizungushwa huvuta nyuzi katika mianya myembamba na kuziacha mbegu nyuma. Kabla yake, mtu alishinda kutwa akichambua ratili moja tu. Sasa kazi ya mikono hamsini ikafanywa na mmoja, na kilichokuwa haba kikawa ni wachumaji shambani. Watumwa, ambao mwaka 1790 walikuwa kiasi cha 700,000, wakakaribia 4,000,000 ilipofika 1860, ijapokuwa kuwaleta kutoka Afrika kulikwisha harimishwa mwaka 1808. Na watu wapatao milioni moja waliondoshwa majimbo ya zamani kwenda Alabama, Mississippi na Louisiana, mume huku na mke kule.

Solomon Northup, muungwana wa New York aliyetekwa kwa hila mwaka 1841 akauzwa Louisiana, asimulia jinsi makapu yalivyopimwa kila jioni: aliyepungukiwa alichapwa mijeledi, na aliyezidisha alijua kuwa kesho atadaiwa kiasi kile kile alichokizidisha. Kwa hiyo kila mtu aliikaribia mizani kwa khofu.

Wala kaskazini haikuwa safi. Viwanda vya Massachusetts vilifuma pamba hiyo, na majahazi ya Salem yakaileta nguo yake Unguja, khasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Wapagazi wakaichukua nguo hiyo, iliyoitwa merikani, hadi Tabora na Ujiji kununulia pembe za ndovu. Jasho la mtumwa wa Mississippi, basi, lilivaliwa hata huku kwetu, ambako watumwa wengine walikuwa wakichuma karafuu.

Pamba huila ardhi, na bwana wa pamba hakosi kutamani ardhi mpya. Hapo ndipo ilipo fitina yenyewe. Kila jimbo jipya lilipoingia katika dola, ikaulizwa kama litakuwa la watumwa au la waungwana, kwa kuwa Seneti ilitegemea mizani hiyo. Suluhu ya Missouri ya 1820 ilipiga mstari wa kuuzuia utumwa usienee kaskazini yake. Sheria ya Kansas na Nebraska ya 1854 ikaufuta, damu ikamwagika Kansas. Na mwaka 1857 Jaji Mkuu Roger Taney, katika shauri la Dred Scott, mtumwa aliyedai uhuru wake mahakamani, akahukumu kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia, na kuwa Baraza la Kongresi halina mamlaka ya kuuzuia utumwa katika nchi mpya. Abraham Lincoln, aliyechaguliwa kuwa rais mwaka 1860, hakuahidi kuuondosha utumwa pale ulipokuwapo, bali kuuzuia usienee, na hilo lilitosha kuitoa Carolina ya Kusini katika muungano Desemba 1860.

Wako wasemao kuwa katika vita vilivyofuata kusini ilipigania haki za majimbo tu. Waraka wa Carolina wa kujitenga wawasuta, kwani lalamiko lake kubwa ni kuwa majimbo ya kaskazini yalizitumia haki hizo hizo, yakatunga sheria za kukataa kuwarejesha watumwa waliotoroka. Naye Alexander Stephens, makamu wa rais wa dola mpya ya majimbo yaliyojitenga, alitangaza Savannah mwezi Machi 1861 kuwa msingi wa serikali yao ni kwamba mweusi si sawa na mweupe, na utumwa ndio hali yake ya asili. Wiki tatu baadaye mizinga ya kusini ikaipiga ngome ya Fort Sumter, na vita vikaanza.