Kuchambua Pamba, Kuchambua Hoja

Kabla neno insha, ambalo asili yake ni Kiarabu na muradi wake ni kuumba kitu kisichokuwapo, halijasikika katika mbuga za Ntuzu, ambako leo ni Bariadi mkoani Simiyu, Wasukuma wa huko walikuwa wamekwisha kuwa mafundi wa kushindana kwa maneno. Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma ambavyo uhasimu wao ni wa tangu karne ya 19, walikabiliana uwanjani, kila upande na manju wake. Na hukumu ilikuwa ya watazamaji, kwani kundi lililozungukwa na umati mkubwa ndilo lililohesabiwa kushinda.

Skuli ilikuja na shindano la namna nyingine. Misheni ya Nassa, iliyo Busega mkoani humo, iliingia mikononi mwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na kusoma kukatangulia kutunga kwa muda mrefu. Gazeti la Kiswahili la Mambo Leo lilianza mwaka 1923. Kitabu cha Shaaban Robert, Kielezo cha Insha, kikatoka mwaka 1954, wakati ule ule ambapo wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, waliochoka na mizani ya walanguzi, walikuwa wakijenga vyama vyao vya ushirika, vilivyoungana chini ya Victoria Federation mwaka 1955. Chama hakiendi bila katibu, na katibu hana budi ajue kulieleza shauri kwa maandishi, likasomwa na mtu asiyemwona.

Hapo lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kuandaa somo. Mtoto wa mkulima wa pamba hukaa juu ya turubai na lundo mbele yake, akitenga pamba safi na fifi, akiondoa jani kavu na uchafu; kazi hiyo huitwa kuchambua, na ndilo neno lile lile la mwalimu anapomtaka achambue hoja. Akipewa kueleza jambo hilo, aghalabu huandika vizuri, maana kila sentensi ameishika kwa vidole. Insha ya hoja ndiyo humlemea. Katika ngoma, hasimu huja na maneno yake mwenyewe. Katika daftari hakuna hasimu, na mwandishi hulazimika kumwazima ulimi, amsemee kwa insafu, kisha amjibu. Huo ni uadilifu mkubwa kumdai mtoto, na nasikitika kwamba wino mwekundu mara nyingi umeuacha ukapita bila kuutazama, ukaishia kusahihisha “habali” na “balua”, kwa kuwa Kisukuma hakina sauti ya r, ilhali hoja iliyo chini ya makosa hayo ilikuwa imesimama imara.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania. Simiyu ikawa mkoa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na sekondari zake, kama za mikoa mingine, hufundisha kwa Kiingereza. Mwanafunzi huanza kwenye karatasi ya rafu, kwa Kiswahili, akipanga hoja zake na za hasimu wake. Kisha huzivusha moja moja hadi kwenye daftari, kwa Kiingereza, na zile asizozipatia maneno hubaki kwenye rafu.