Alama ya Miraba Katika Nchi ya Asali

Mji wa Mpanda ulikuzwa na risasi, nayo ni risasi ya madini, si ya bunduki. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ililazwa reli ya yapata kilomita 210 kutoka Kaliua ili kuitoa. Mwaka 1960 machimbo yalifungwa. Reli ikabaki, na shehena nyingine zikashika mahali pa ile ya kwanza. Shehena isafiripo mbali na mwenyewe haina ulimi. Husemewa na alama iliyo juu yake.

Alama ambayo nataka kuisimulia ilizaliwa kiwandani. Mwaka 1994, nchini Japani, mhandisi Masahiro Hara wa kampuni ya Denso na wenzake walitafuta dawa ya adha ya wafanyakazi wa magari. Alama ya milia, ambayo ilianza kusomwa katika duka la Marekani mwaka 1974, ilibeba herufi na tarakimu ishirini hivi tu. Kwa hiyo kasha moja la vipuri lilibandikwa milia mingi, na mtu akashinda akiisoma mmoja mmoja. Hara aliupata mwanzo wa jibu katika mchezo wa go, ambao kete zake nyeusi na nyeupe hupangwa juu ya ubao wa mistari. Si bao letu la mashimo, ingawa wachezaji wake huzama katika fikira vilevile. Tabu kubwa ilikuwa kukiwezesha chombo kuitambua alama upesi katikati ya maandishi mengine. Walichunguza magazeti, vijitabu na makasha, wakapima weusi na weupe wa vilivyochapwa, hata wakapata uwiano uliokuwa adimu: moja, moja, tatu, moja, moja. Huo ndio uliomo katika miraba mitatu ya pembeni. Kampuni ilikuwa na hataza, lakini haikuwatoza waliofuata kanuni zake. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulieneza alama ya QR kuliko hata ubora wake.

Hapa kwetu Mamlaka ya Mapato ilianzisha mashine za kielektroniki za risiti mwaka 2010. Leo mnunuzi wa saruji mjini Mpanda hupewa karatasi yenye alama hiyo. Akiielekezea simu, huhakiki kwamba risiti ni ya kweli.

Kuitengeneza nako kumekuwa kazi nyepesi. Zamani kidogo mtu aliyetaka alama ya ukurasa wake aliiendea tovuti ya wageni, na baadhi yao waliipitisha njia kwao kwanza, hata ada ilipokoma alama nayo ikafa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2020 vivinjari kama Chrome huifanya kazi hiyo vyenyewe. Aliyeketi mbele ya kompyuta ya mezani hufungua ukurasa, hubofya kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua kuunda alama ya QR, kisha huihifadhi kama picha na kuichapa.

Tuseme mfuga nyuki wa Inyonga, katika mkoa huu wa Katavi uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, aibandike kwenye chupa ya asali iendayo Dar es Salaam. Vumbi na mikwaruzo haviitishi sana, maana alama iliyochapwa kwa kinga ya juu husomeka hata yapata asilimia 30 yake ikiharibika. Lakini hubeba anwani tu, wala haibebi ukurasa. Ukurasa ukifutwa, au mtandao ukikosekana, mnunuzi hubaki na miraba. Penye mtandao dhaifu ni heri maneno yenyewe yatiwe ndani: kijiji, mwezi wa kurina, na jina la mrinaji. Alama moja yaweza kubeba hadi herufi na tarakimu 4,296, na hayo hayafiki mia.

Tena jicho la binadamu haliwezi kupambanua alama moja na nyingine. Mwizi hubandika yake juu ya ile ya mwenye duka, na malipo yakaenda kwake. Basi kabla ya kuinua simu, ni vema mlipaji apitishe kidole juu ya karatasi aone kama kuna nyingine chini yake.