UZI: "Ni siri ya usalama wa taifa." Sawa, lakini nani anaikagua?

1/ Mjadala wowote wa bajeti ya usalama ukipamba moto, kuna mtu atasema: "Mngejua tunayoyajua, mngenyamaza." Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa njia ya kuwafunga watu mdomo. Hebu turudi Marekani ya 1960.

2/ Hofu kubwa wakati huo: Muungano wa Kisovieti umetupita kwa makombora ya masafa marefu. Wapinzani wakaibeba hoja hiyo kwa kampeni za urais, kwamba serikali imelala. Jeshi la Anga lilikuwa na makadirio ya juu kuliko wengine, na ndilo lingepata pesa za makombora mapya. Rais alikuwa na shaka na hesabu hizo, lakini picha zilizompa shaka zilikuwa siri.

3/ Picha hizo zilitoka kwa ndege ya kijasusi, U-2. Tarehe 1 Mei 1960 moja ikatunguliwa, rubani akashikwa, na safari za juu ya Urusi zikasimama. Sasa utahesabu makombora ya jirani aje?

4/ Jibu lilikuwa setilaiti. Mradi uliitwa Corona, wa CIA na Jeshi la Anga. Wananchi waliokuwa wakiulipia ushuru waliambiwa jina lingine, Discoverer, eti ni sayansi tu. Setilaiti ilipita chini chini, kwa sababu ukiwa karibu unaona vizuri. Shida ni kwamba huko chini bado kuna hewa kidogo inayoivuta, kwa hivyo haikai sana.

5/ Na hakukuwa na dijitali. Ilikuwa filamu, kama ya kamera ya zamani. Ikishapigwa inaangushwa ndani ya kapsuli yenye parachuti, na ndege inainasa hewani karibu na Hawaii. Walifeli mara nyingi. Filamu ya kwanza ilinaswa tarehe 19 Agosti 1960, kama kilo 9 hivi. Ilionyesha eneo kubwa la Muungano wa Kisovieti kuliko safari zote za U-2 zikijumlishwa.

6/ Lakini filamu moja haikumaliza ubishi. Novemba watu wakapiga kura, hoja ya makombora ikiwa bado moto.

7/ Septemba 1961, baada ya picha zaidi, majasusi wakaandika upya makadirio yao. Kutoka mitambo 50 hadi 100 ya kurushia makombora, wakashuka hadi 10 au 25. Ripoti ilikuwa siri. Mwezi uliofuata afisa wa ulinzi akatangaza kwamba Marekani ndiyo iko mbele. Amejuaje? Hakusema.

8/ Tuwe wakweli: siri ilikuwa na sababu. Ukimwambia adui unamwona kutoka wapi, atajificha. Lakini pia ni kweli kwamba mpiga kura aliuziwa hofu ambayo hakuwa na njia ya kuipima.

9/ Corona ilifungwa 1972. Picha zaidi ya 800,000 zikafunguliwa 1995, miaka 35 baada ya ile filamu ya kwanza. Leo wanaakiolojia wanazitumia kutafuta miji ya kale Syria na Iraq.

10/ Kwetu je? Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaruhusu serikali kuficha mambo ya usalama wa taifa, lakini mahakama inaweza kuamua kwamba manufaa ya umma yanazidi madhara. Na habari ikishakaa zaidi ya miaka 30, ni wao wanaotakiwa kuonyesha kwa nini bado ifichwe.

11/ Kwa hivyo ukiambiwa "ni siri", usibishane kama siri zinafaa. Uliza mawili: nani asiyefaidika na hiyo bajeti ameiona? Na itafunguliwa lini? Akikosa jibu la yote mawili, hapo ndipo mjadala unaanza.