Baridi ya Ndalu, kutoka nyasi hadi mabati

Asubuhi ya mwezi wa saba, aliyelala Ndalu katika nyumba ya mabati isiyo na dari huamshwa na tone usoni. Mvua haikunyesha. Ni mvuke wa pumzi za waliolala, umegusa bati baridi ukageuka maji. Nyanya zetu hawakuijua adha hii.

Sehemu hii ya mpakani mwa Bungoma na Trans Nzoia iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 11. Si baridi ya Ulaya, lakini inatosha kumkunja mtu mzima.

Wakony wa Mlima Elgon, ambao ni Wasabaoti, waliikabili mapema. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika huko mwaka 1883, aliwakuta wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Mwamba haupoi upesi, na ng'ombe mmoja hutoa joto la watu kadhaa. Wabukusu nao walijenga nyumba ya mviringo: fito, udongo wa kukandika, nyasi nene juu, mlango mfupi, dirisha dogo au hakuna kabisa. Anayetaka kuona nyumba za jadi za magharibi mwa Kenya aende Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa 1974 kutokana na mkusanyo wa Kanali Stoneham.

Hesabu ya jinsi joto linavyopotea ilikuwa ikiandikwa kwingine. Mwaka 1701 Newton alieleza kwamba kitu hupoa haraka zaidi kadiri joto lake linavyoizidi hewa inayokizunguka. Mwaka 1828 Mfaransa Eugène Péclet alichapisha kitabu kuhusu joto na matumizi yake. Mpaka leo, kupata joto linalopotea, fundi huzidisha vitu vitatu: eneo, tofauti ya joto la ndani na nje, na wepesi wa kifaa kupitisha joto.

Tuijaribu hapa kwetu. Chukua paa la mita 25 za mraba, ndani nyuzi 17, nje 11. Bati tupu hupoteza kama wati 1,050. Nyasi zilizoshindiliwa unene wa sentimita 25 hupoteza kama wati 50. Sasa, mtu aliyelala hutoa karibu wati 75. Watu watano chini ya nyasi wanalipa deni la paa lao mara saba, kinachobaki kikapambana na kuta. Chini ya bati, hata wakiwa kumi na wawili hawalimalizi.

Kwa nini basi tuliziacha nyasi? Bati lenye mikunjo lilipewa hataza London mwaka 1829, kwa jina la Henry Robinson Palmer, na walowezi wakaja nalo, pamoja na meko ya ukutani ambayo joto lake jingi hupanda na moshi. Baada ya uhuru mashamba yao ya Ndalu na Tongaren yaligawiwa wananchi. Kisha mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mahindi chotara ya 611, na kila pembe ikalimwa. Pa kukata nyasi za kuezekea pakapungua. Bati halitaki kubadilishwa kila baada ya miaka michache, haliliwi na mchwa, tena humpa mwenyewe heshima. Siwalaumu wazee. Bati lilistahili, ila tulilipandisha peke yake tukasahau kilichokuwa ndani ya nyasi: hewa iliyofungiwa.

Siku hizi wapo wenye kujenga wanaouliza kwanza habari za madirisha ya vioo viwili. Kioo kimoja cha mita moja ya mraba, kwa hesabu ileile, hupoteza kama wati 33 tu. Kwa Ndalu hiyo ni pesa iliyopotea njia. Dari la mbao au gipsamu, lenye nafasi ya hewa kati yake na bati, hushusha upotevu wa paa chini ya nusu, na lile tone la asubuhi hupungua.

Na kama dari bado halijapatikana, vaa soksi, ongeza blanketi. Jiko la makaa usilale nalo ndani ya chumba kilichofungwa, hata kama makaa yameshakuwa mekundu bila moshi: hewa yake ya sumu haina harufu, na huua.