Podo ya Itombwe: si pinusi, na kuipanda si kazi ndogo

Pinusi zinazoonekana kando ya mashule na parokia nyingi za Kivu ya Kusini ni miti ya kigeni. Ile inayopandwa sana, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Milima yetu haina pinusi yake yenyewe. Ila iko na ndugu yake wa mbali: podo, mti wa zamani sana, ambao watu wengi wa Baraka wanaujua tu kama ubao.

Podo haipatikani kandokando ya ziwa. Tanganyika iko kwenye mita karibu 770, na kule ni joto sana kwake. Inahitaji baridi na ukungu, ndiyo maana ni lazima kupanda hadi mita 1.500 na zaidi, kwenye misitu ya Itombwe, ambako mito kama Elila na Ulindi inaanzia. Milima hiyo inagusa teritware za Mwenga, Uvira na Fizi. Kule juu podo inasimama karibu na mianzi na miti mingine ya baridi.

Ziko aina mbili za kutofautisha. Ya kwanza, Podocarpus milanjianus, inaenea toka Kameruni hadi Zimbabwe, kwa hiyo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini haihesabiwi kuwa na shida kubwa. Ya pili, Afrocarpus usambarensis, ni jitu la msitu lenye kuweza kupita mita 40. Hii inaishi kwenye eneo dogo zaidi: mashariki mwa Kongo, Rwanda, Burundi na Tanzania, na imewekwa kati ya miti iliyo hatarini kutoweka. Lakini hata ile ya kwanza, kuwa salama Kameruni hakusaidii kilima cha Fizi ambacho yake imekwisha katwa.

Na inakatwa juu ya uzuri wake. Ubao wa podo ni mweupe-manjano, umenyooka, hauna utomvu kama pinusi, na fundi anaupiga randa bila taabu. Ukiuchomeka udongoni mchwa wanaumaliza haraka, lakini kwa plafoni, milango na meza, wapasua mbao wanautafuta. Juu ya hiyo kuna mashamba, malisho, na kuni na makala ya miji inayokua. Vita ya Haut-Plateau nayo imehamisha watu wengi, na mutu aliyekimbia hawezi kungoja mti ukue ndipo apike.

Shida kubwa ni namna podo inavyozaa. Kuna mti dume na mti jike. Ukikata madume yote ya kilima, majike yanabaki bila mbegu nzuri, hata kama kwa macho msitu bado uko. Mbegu yenyewe hairuki na upepo kama ya pinusi. Ndege na nyani ndio wanaobeba tunda. Kisha mti unakua polepole sana. Pinusi inaweza kutoa mbao ndani ya miaka 20 hivi, wakati podo ya umri huo bado ni kijana. Kwa hiyo kusema “tumekata, lakini tumepanda pinusi” ni kujibu swali la kuni na mbao. Podo haijarudi.

Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006, na mipaka yake ikawekwa mwaka 2016 kisha mazungumzo marefu na wenyeji. Inasimamiwa na ICCN. Nje ya hifadhi, sheria ya misitu ya 2002 inadai kibali kwa yeyote anayekata miti ya kuuza, hata mpasuaji mdogo wa msumeno wa mkono. Kwenye vilima vya mbali nani anakiuliza kibali hicho?

Wanaotaka kuipanda wanaweza kuokota miche midogo inayoota yenyewe chini ya mti mama, kuihamishia kwenye vifuko na kuitunza kivulini kabla ya kuirudisha mlimani. Lakini kwa hiyo, mti mama lazima uwe bado umesimama, na dume lake karibu.