Jeshi la Mifupa: Kutoka Ukuta wa Makaburi hadi Juu ya Meza

Katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani iko kazi ifanywayo usiku, chini ya taa ya mezani, kwa brashi yenye ncha nyembamba kama sindano. Mtu mzima, mwenye ajira na familia, ameinamia sanamu ya kiunzi cha mifupa isiyozidi kidole gumba kwa kimo, iliyoshika upanga wenye kutu na ngao iliyopasuka. Anaipaka rangi. Akiimaliza atachukua nyingine, na nyingine tena, hadi kikosi kitimie. Kisha kikosi hicho kitapigana na kikosi cha mwenzake juu ya meza, kwa dadu na utepe wa kupimia.

Askari hao ni wafu walioinuliwa makaburini kwa uchawi. Msikilizaji wa Tanzania asiwafananishe na msukule, kwani msukule wa masimulizi ana nyama na damu, na huaminiwa kuwa kafichwa na mtu anayejulikana kwa jina. Hawa ni mifupa mitupu, hawana jina wala ukoo, na nasaba yao inaanzia katika msiba wa kweli.

Kati ya mwaka 1347 na 1351 tauni iliua theluthi moja ya watu wa Ulaya, na huenda zaidi. Ugonjwa huo ulirudi tena na tena katika vizazi vilivyofuata. Mnamo mwaka 1424 na 1425, katika makaburi ya Innocents mjini Paris, ukuta mmoja ulichorwa ngoma ya mauti: mfu mmoja kamshika mkono Papa, mwingine mfalme, mwingine mfanyabiashara, mwingine mkulima, hata mtoto mchanga naye kapata wa kucheza naye. Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1669, lakini picha yake ilikwisha kuenea. Mjini Lübeck, Ujerumani, ngoma kama hiyo ilichorwa mwaka 1463. Mchoro wa asili ulipochakaa ulibadilishwa kwa nakala mwaka 1701, na nakala hiyo nayo ikateketea kwa mabomu mwaka 1942.

Hata hivyo, katika michoro hiyo mfu alikuja kumchukua mtu mmoja mmoja. Aliyewapanga wafu wakawa jeshi, kwa namna ambayo wachezaji wa leo wangeitambua mara moja, ni Pieter Bruegel wa Flanders. Katika picha yake ya mwaka 1562 hivi, iliyohifadhiwa katika jumba la Prado mjini Madrid, viunzi vya mifupa vimesimama safu kwa safu nyuma ya mifuniko ya majeneza vilivyoigeuza kuwa ngao. Gari limejaa mafuvu. Walio hai wanaswagwa kama mifugo kuingia katika sanduku kubwa, na hakuna upande hata mmoja wa picha wenye njia ya kutorokea.

Mchezo wa vita una asili nyingine. Maofisa wa Prussia walijifunza mbinu za vita juu ya ramani kwa kanuni za Reisswitz, baba na mwana, za mwaka 1812 na 1824. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wa risasi wenye uwazi ndani, wepesi na wa bei nafuu. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alichapisha kanuni za kuwapiganisha sakafuni kwa mizinga ya kuchezea, akitumaini kwamba anayeonja vita vidogo atachukizwa na vikubwa. Mwaka uliofuata Vita Kuu vilianza.

Mifupa na mchezo vilikutanishwa kwa sehemu kubwa na sinema. Ray Harryhausen, Mmarekani aliyehuisha sanamu kwa kuzipiga picha moja baada ya nyingine, alimpiganisha Sindbadi na kiunzi cha mifupa katika filamu ya mwaka 1958, kisa ambacho wasomaji wa Alfu Lela Ulela hawatakiona kitabuni. Mwaka 1963, katika filamu ya Jason, aliinua viunzi saba kwa mpigo. Tukio hilo la dakika chache lilimgharimu miezi minne na zaidi, na ziko siku alizopata picha 13 tu, yaani nusu ya sekunde. Nchini Uingereza, wakaguzi wa filamu waliliondoa pambano la mwaka 1958 wakihofia litawatisha watoto.

Watoto waliokua na picha hizo ndio waliokuja kubuni michezo. Katika mchezo wa Dungeons & Dragons wa mwaka 1974, kiunzi cha mifupa ndicho mfu dhaifu kuliko wote, hivyo mchezaji aliwahitaji wengi. Ral Partha ya Cincinnati, na Citadel ya Newark nchini Uingereza, zilisubu sanamu za kutosheleza hamu hiyo. Mwaka 1983 Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley walitoa Warhammer, mchezo uliowapa wanunuzi sababu ya kununua jeshi zima badala ya mashujaa watano au sita.

Kiunzi cha mifupa humhurumia mpakaji asiye na ujuzi. Uso wa binadamu unadai macho, midomo na kivuli cha shavu. Fuvu halidai lolote. Baada ya rangi ya kwanza hupakwa rangi ya mfupa mwili mzima. Kisha humiminwa rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa maji, ikatiririka yenyewe katikati ya mbavu na ndani ya matundu ya macho. Ikikauka, brashi huchovywa katika rangi iliyokaribia weupe, ikafutwa kitambaani hadi iwe karibu kavu, ikapitishwa juu juu. Paji na magoti hung'aa, mashimo hubaki na giza. Mkono ukitetemeka si hasara, kwani uchafu unamfaa aliyetoka kaburini. Anayetaka kujitahidi zaidi huyaweka maarifa yake katika kutu ya upanga.

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa madini na kwa kile kitokacho mtutuni, na hapa neno hilo linastahili kuzingatiwa. Kampuni ya Britain iliacha kusubu askari wa risasi mwaka 1966, sheria za usalama wa vichezeo zilipokazwa, kwa kuwa madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Sanamu za michezo ya kubuni, zikihesabiwa kuwa za watu wazima, ziliendelea kusubiwa kwa risasi kwa takriban miaka 30 zaidi, na vijana wa shule wakazikwangua kwa kisu na kulainisha ncha ya brashi kwa ulimi. Wakubwa walikuwa wameiogopa picha ya mifupa. Sumu iliyokuwa ndani ya sanamu iliwashughulisha wachache. Ni mjadala wa sheria katika jimbo la New York, mnamo mwaka 1993, ulioisukuma Ral Partha na wenzake kugeukia mchanganyiko wenye bati.

Leo wengi wa askari hao ni wa plastiki. Games Workshop, iliyoanzishwa London mwaka 1975 na vijana watatu na ambayo ndiyo mmiliki wa Warhammer, iliingia Desemba 2024 katika orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Mapema mwaka huo iliurudisha ulimwengu wake wa zamani, na miongoni mwa majeshi mawili ya kwanza kutoka lilikuwamo lile la wafalme wa makaburini, lililobuniwa kwa kuigiza Misri ya kale. Viunzi vyake vya mifupa vilitolewa katika kalibu za miaka ya 2000, na walioanza kupanga foleni ni watu wazima waliowahi kuvipaka rangi wakiwa wanafunzi.